Stadi za Kufikiri Katika Somo la Hisabati: Mtaala Unamtaka Mwanafunzi Aweze Nini

CHUMBAGENI, TANGA – Mzazi anayefungua daftari la Hisabati la mtoto wake katika Kata ya Chumbageni, jijini Tanga, kwa kawaida hutafuta mambo mawili: alama ya vema na alama ya kosa. Vema zikiwa nyingi huridhika, na makosa yakiwa mengi huuliza kulikoni. Mtaala wa Taifa, hata hivyo, hauishii kwenye jibu sahihi. Unamtaka mwanafunzi aweze kueleza jibu limepatikanaje, alihakiki kabla ya kulikubali, na atumie alichojifunza katika jambo ambalo mwalimu hakulifundisha moja kwa moja.

Jambo hili linazigusa kaya zote zenye watoto shuleni. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Dodoma tarehe 1 Februari 2025, imeweka elimu ya lazima kuwa ya miaka 10: miaka sita ya elimu ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Kwa utaratibu huo, mtoto anayeanza Darasa la Kwanza leo anatarajiwa kukaa na Hisabati hadi Kidato cha Nne. Wakati huohuo, Hisabati imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini zaidi katika mtihani wa Kidato cha Nne. Katika matokeo ya miaka ya karibuni, waliofaulu somo hilo wamekuwa kati ya mmoja wa kila watano na mmoja wa kila wanne. Kuelewa mtaala unalenga nini ni hatua ya kwanza ya kumsaidia mtoto asiwe katika kundi kubwa linalobaki nyuma.

Umahiri wa aina tatu

Mtaala wa Tanzania Bara huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Mwaka 2005 nchi ilianza kuhama kutoka mtaala uliopanga maarifa ya kukaririwa kwenda mtaala unaojengwa juu ya umahiri, yaani yale ambayo mwanafunzi anaweza kuyafanya kwa maarifa aliyonayo. Mwaka 2015 masomo ya Darasa la Kwanza na la Pili yalipangwa upya ili yajikite katika stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, zinazojulikana kwa kifupi kama KKK. Mtaala ulioboreshwa, ambao umeendeleza mwelekeo huo, ulianza kutekelezwa Januari 2024 katika madarasa kadhaa, yakiwemo Elimu ya Awali, Darasa la Kwanza na Darasa la Tatu.

Katika somo la Hisabati kwa shule za msingi, umahiri unaolengwa ni wa aina tatu. Wa kwanza ni kutumia lugha ya kihisabati katika kuwasilisha wazo au hoja. Wa pili ni kufikiri na kuhakiki. Wa tatu ni kutatua matatizo katika mazingira tofauti. Mada ambazo wazazi wengi wanazikumbuka, kama vile sehemu, desimali, asilimia, maumbo, vipimo, fedha na takwimu, zimewekwa ndani ya umahiri huo. Kwa maneno mengine, mwanafunzi hajifunzi sehemu ili amalize mada ya sehemu. Anajifunza sehemu ili apate nyenzo ya kufikiria.

Mpangilio huo unakwenda pamoja na malengo mapana ya elimu, ambayo yanataja fikra tunduizi, ubunifu, mawasiliano na ushirikiano. Fikra tunduizi ni tabia ya kutokubali wala kukataa jambo kabla ya kuupima ushahidi wake. Hisabati ni uwanja mzuri wa kuijenga tabia hiyo kwa sababu ndani yake mtoto wa miaka tisa anaweza kumwonesha mtu mzima kwamba amekosea, na mtu mzima akakubali bila fedheha, kwa kuwa hoja iko wazi mbele ya wote wawili.

Lugha ya kihisabati

Umahiri wa kwanza unahusu usomaji makini na maelezo sahihi. Mara nyingi mwanafunzi hushindwa swali la maneno akiwa anajua kujumlisha na kutoa, kwa sababu tu hakulisoma ipasavyo.

Mfano ulio karibu ni nauli. Iwapo swali linasema nauli ya shilingi 800 imepungua kwa shilingi 600, nauli mpya ni shilingi 200. Swali likisema nauli hiyo imepungua hadi shilingi 600, punguzo ni shilingi 200 na nauli mpya ni shilingi 600. Namba ni zilezile, na tendo la kutoa ni lilelile. Kilichobadilika ni neno moja, “kwa” au “hadi”, na neno hilo ndilo linaloamua abiria atoe kiasi gani mfukoni.

Lugha ya kihisabati inajumuisha pia michoro, majedwali, grafu na alama. Mwanafunzi aliyeufikia umahiri huu anaweza kuichukua sentensi na kuigeuza kuwa mchoro, akauchukua mchoro na kuugeuza kuwa mlinganyo, kisha akarudi kwenye sentensi na kusema jibu lake lina maana gani. Safari hiyo ya kwenda na kurudi ni kazi ya kufikiri.

Umuhimu wake unaongezeka mwanafunzi anapovuka kwenda sekondari. Katika shule nyingi za msingi za Serikali, Hisabati hufundishwa kwa Kiswahili. Kuanzia Kidato cha Kwanza hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi aliyekariri maneno ya kanuni bila kuelewa hupoteza mambo mawili kwa mpigo, yaani maneno na kanuni yenyewe. Aliyeelewa dhana hubaki na kazi moja tu, ya kujifunza jina jipya la kitu anachokijua tayari.

Kufikiri na kuhakiki

Umahiri wa pili ndio unaotofautisha kwa uwazi zaidi kati ya kukariri na kuelewa. Mfano mzuri ni neno MAGAZIJUTO, ambalo limefundishwa kwa vizazi vingi vya Watanzania. Neno hilo limeundwa kwa silabi za mwanzo za mabano, gawanya, zidisha, jumlisha na toa, na humsaidia mwanafunzi kukumbuka mpangilio wa matendo katika swali lenye matendo mengi. Ni kumbukizi yenye manufaa, lakini ina mtego.

Chukua swali 24 – 8 + 6. Mwanafunzi anayelifuata neno hilo kama amri ya kijeshi huona kwamba “JU” imetangulia “TO”. Hujumlisha kwanza 8 na 6, akapata 14, kisha hutoa 14 katika 24 na kuandika 10. Jibu sahihi ni 22. Kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa, na vinapokutana katika swali moja hufanywa kwa kufuata mpangilio wake kuanzia kushoto kwenda kulia. Kuzidisha na kugawanya vina uhusiano wa namna hiyohiyo.

Mwanafunzi aliyezoea kuhakiki hahitaji kusubiri kalamu nyekundu ya mwalimu. Anaweza kujiuliza swali hilo lina maana gani katika maisha. Daladala iliyobeba abiria 24 imefika kituoni Chumbageni, ikashusha 8 na kupakia 6. Waliomo sasa ni wangapi? Hakuna kondakta atakayesema 10. Mfano huo mdogo unamwonesha mtoto kwamba kanuni ipo ili kulinda maana, na kwamba maana ikipingana na jibu, jibu ndilo linalopaswa kuchunguzwa upya.

Sehemu nyingine ya umahiri huu ni kujua mipaka ya kanuni. Mtoto anayekua katika mwambao hujifunza mapema kugeuza saa za Kiswahili kuwa saa za ratiba: saa 8 mchana huandikwa 14:00, hivyo huongeza 6. Kanuni hiyo inafaa mchana. Usiku haifai, kwa kuwa saa 2 usiku huandikwa 20:00, na kilichoongezwa ni 18. Mwanafunzi anayetambua kwamba kanuni yake ilifaa hapa na haikufaa pale, kisha akaeleza kwa nini, yuko karibu zaidi na lengo la mtaala kuliko yule aliyepata majibu 10 ya mchana bila kujiuliza lolote.

Mtaa wa Ngamiani, wenye barabara zinazojulikana kwa namba, unatoa mfano mwingine. Mtu akitembea kutoka Barabara ya 4 hadi Barabara ya 9, amepita barabara ngapi, ikihesabiwa aliyoanzia na aliyofikia? Wengi hutoa 4 katika 9 na kusema 5. Kuhesabu kwa vidole kunaonesha 4, 5, 6, 7, 8 na 9, ambazo ni barabara 6. Nafasi kati ya barabara ndizo 5. Kosa la namna hii ndilo humfanya fundi anunue nguzo za uzio pungufu kwa moja, au mgonjwa akosee hesabu ya siku za dozi.

Juu ya hapo kuna hatua ya kuthibitisha. Mwanafunzi huona kwamba 3 + 5 ni 8, na 7 + 9 ni 16, kisha hudhani kwamba namba witiri mbili zikijumlishwa hutoa namba shufwa siku zote. Mifano miwili haitoshi kuthibitisha, na hata mifano elfu moja haitoshi. Hoja inayotosha ni hii: kila namba witiri ni jozi kadhaa pamoja na moja iliyobaki, namba mbili za aina hiyo zikikutana, zile moja mbili zilizobaki huunda jozi, na hapabaki kitu peke yake. Mtoto wa darasa la juu la msingi anaweza kuitoa hoja hiyo kwa vizibo vya soda, na akiitoa amefanya kazi ileile anayoifanya mwanahisabati wa chuo kikuu.

Kutatua matatizo

Umahiri wa tatu unahusu hali ambayo njia haijulikani mwanzoni. Zoezi ambalo mwalimu ametoka kulitatua ubaoni, kisha akabadilisha namba tu, ni zoezi la kujenga wepesi, na lina nafasi yake. Tatizo kwa maana ya mtaala ni lile ambalo mwanafunzi lazima aamue mwenyewe aanzie wapi.

Mwanahisabati George Pólya, mzaliwa wa Hungaria, alieleza mwaka 1945 hatua nne ambazo walimu wa nchi nyingi wanazitumia hadi leo: kulielewa tatizo, kupanga njia, kuifuata njia hiyo, kisha kutazama nyuma ili kupima kama jibu lina mantiki. Hatua ya kwanza na ya nne ndizo zinazorukwa zaidi darasani, nazo ndizo zenye sehemu kubwa ya kufikiri.

Mfano rahisi uko sokoni. Muuzaji mmoja wa machungwa ya Muheza anauza machungwa 3 kwa shilingi 500, na mwingine anauza 7 kwa shilingi 1,000. Nani ana bei nafuu? Mwanafunzi mmoja atagawanya 500 kwa 3 na 1,000 kwa 7, apate desimali ndefu, kisha azilinganishe. Mwingine atasema kwamba kwa shilingi 1,000 muuzaji wa kwanza anatoa machungwa 6 na wa pili anatoa 7, hivyo wa pili ana nafuu. Njia zote mbili ni sahihi. Mwalimu anayezipa nafasi zote mbili ubaoni, na kuliuliza darasa ipi ni nyepesi na kwa nini, anafundisha umahiri wa tatu.

Mfano mkubwa uko bandarini. Katika uboreshaji wa Bandari ya Tanga, vipimo vilivyotangazwa vilionesha kwamba lango la kuingilia meli, lenye urefu wa kilomita 1.7 na upana wa mita 73, liliongezwa kina kutoka mita 3 hadi mita 13. Mwanafunzi anaweza kuulizwa: ni kiasi gani cha udongo kiliondolewa? Akizidisha 1,700 kwa 73 kwa 10 atapata mita za ujazo 1,241,000. Hapo kazi ya kukokotoa imekwisha, lakini kazi ya kufikiri inaendelea. Je, sakafu ya bahari ilikuwa tambarare, yenye kina cha mita 3 kila mahali? Je, kuta za lango zimesimama wima au zina mteremko? Bila majibu hayo, hesabu hiyo ni makadirio, na mwanafunzi anapaswa kusema hivyo. Kisha atafute namna ya kuupa ukubwa huo maana: lori lenye uwezo wa mita za ujazo 10 lingehitaji safari 124,100, kwa safari 100 kila siku, kazi ingechukua zaidi ya miaka mitatu. Mwanafunzi aliyefika hapo ameelewa kwa nini kazi hiyo ilihitaji meli maalumu za kuchimba bahari.

Bahari yenyewe ni mwalimu. Wavuvi wa Tanga wanajua kwamba maji hujaa mara mbili kwa takriban siku moja, na kwamba saa ya kujaa husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku. Kwa siku 7 msogeo huo unafika dakika 350, karibu saa 6, ambazo ni takriban muda wa maji kutoka kujaa hadi kupwa. Hivyo, kama leo maji yamejaa saa 6 mchana, baada ya juma moja saa hiyohiyo yatakuwa yamekupwa. Mvuvi ameupata ujuzi huo kwa uzoefu wa miaka. Mwanafunzi anaweza kuufikia kwa kuzidisha, kisha akaenda ufukweni kuuhakiki.

Kutoka ukarani hadi udadisi

Mji wa Tanga una nafasi ya pekee katika historia ya elimu nchini. Shule ya Serikali ya wakati wa utawala wa Wajerumani ilianzishwa hapa mwaka 1892. Shule za namna hiyo zilikusudiwa kuwapatia watawala makarani, wakalimani na watumishi wa ngazi ya chini. Karani alihitajika kuandika vizuri na kukokotoa bila kosa. Kuhoji hesabu aliyopewa hakukuwa sehemu ya kazi yake.

Mwalimu Julius Kambarage Nyerere aliikosoa elimu ya namna hiyo katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967. Alitaka elimu ya Tanzania imjengee kijana akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kutoka kwa wengine huku akichagua la kufuata na la kuacha, na imani katika nafsi yake. Malengo yanayotajwa leo kama fikra tunduizi na utatuzi wa matatizo yana mizizi katika fikra hizo.

Katika miaka hiyohiyo, Afrika Mashariki ilijaribu njia nyingine. Kuanzia mwaka 1962, wataalamu kutoka nchi kadhaa za Afrika walikutana Entebbe, Uganda, na wenzao wa Marekani na Uingereza kuandika vitabu vya hisabati mpya vilivyosisitiza dhana kama seti na miundo. Vitabu hivyo vilikusudia kuleta uelewa, lakini walimu wengi hawakuwa wameandaliwa vya kutosha, na wazazi hawakuyatambua tena masomo ya watoto wao. Hatimaye mkondo huo uliachwa. Somo lililobaki ni kwamba lengo zuri la kufikiri halitekelezeki kwa kubadilisha kitabu peke yake.

Nchi nyingine nazo ziko katika safari hiyo. Kenya, katika mtaala wake wa umilisi ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, imetaja fikra tunduizi na utatuzi wa matatizo kuwa miongoni mwa umilisi wa msingi saba. Singapore iliweka utatuzi wa matatizo katikati ya mtaala wake wa Hisabati mwaka 1990, ukizungukwa na dhana, stadi, michakato, mitazamo na uwezo wa mwanafunzi kuzitafakari fikra zake mwenyewe.

Upimaji unaofuata lengo

Lengo la mtaala hupimwa kwa maswali. Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) huandaa mitihani kwa kuzingatia ngazi mbalimbali za kufikiri, kuanzia kukumbuka na kuelewa hadi kutumia, kuchambua na kutathmini. Baada ya mitihani, Baraza hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazoonesha swali kwa swali ni wapi walifaulu na wapi walikwama. Miongoni mwa sababu za kukwama zinazotajwa katika taarifa hizo ni kutoelewa matakwa ya swali na kutumia kanuni isiyohusika. Sababu hizo mbili zinalingana moja kwa moja na umahiri wa kwanza na wa pili.

Swali la kuchagua jibu lina faida ya kusahihishwa kwa haraka na kwa usawa, lakini halioneshi njia aliyopita mwanafunzi. Aliyekisia na aliyefikiri wanaweza kuzungushia herufi moja. Ndiyo maana maswali yanayomtaka mtahiniwa aoneshe kazi yake yana umuhimu, na ndiyo maana mtaala unataka upimaji endelevu darasani uende sambamba na mtihani wa mwisho. Mwalimu anayemsikiliza mwanafunzi akieleza hatua zake kwa dakika mbili hupata taarifa ambayo karatasi ya majibu haiwezi kuitoa.

Katika hili, ukweli wa madarasa hauna budi kuzingatiwa. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi na vipindi vingi hushawishika kutumia njia fupi: kanuni ubaoni, mfano mmoja, mazoezi 10, kisha kusahihisha. Mbinu zinazowezekana hata katika darasa kubwa ni pamoja na kuwaweka wanafunzi wawili wawili ili kila mmoja amweleze mwenzake alivyofikiri, kuandika ubaoni jibu lenye kosa na kuwataka walitafute, na kutoa maswali machache yanayojadiliwa kwa kina badala ya mengi yanayofanana.

Wajibu wa mzazi na mlezi

Mzazi hahitaji kuwa mtaalamu wa Hisabati ili kusaidia. Mambo yafuatayo yanaweza kufanyika nyumbani bila gharama:

1. Kumuuliza mtoto “Umejuaje?” kabla ya kumuuliza amepata ngapi. Swali hilo liulizwe hata jibu linapokuwa sahihi, ili mtoto asilichukue kuwa ni shutuma.

2. Kumtaka akadirie kabla ya kukokotoa. Mtoto anayetumwa dukani na shilingi 10,000 aseme kwanza anatarajia kurudi na kiasi gani, kisha ahesabu.

3. Kulichunguza kosa badala ya kuliadhibu. Jibu la 10 katika mfano wa daladala lina sababu yake, na sababu ikijulikana kosa hurekebishika.

4. Kuepuka kumwambia mtoto kwamba Hisabati ni ya wenye vipaji, au kwamba haikuwa somo la ukoo wao. Kauli hiyo humpa ruhusa ya kuacha kujaribu.

5. Kutumia vitabu vya kiada vinavyopatikana katika Maktaba Mtandao ya TET, na kumwomba mwalimu aeleze umahiri unaolengwa katika muhula husika.

Hisabati ya mwananchi

Faida ya stadi hizi haiishii shuleni. Mwananchi anayefuatilia taarifa za Serikali hukutana na namba kila siku: bajeti, mavuno, bei, idadi ya watu. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionesha kwamba Tanzania ina watu 61,741,120, kutoka 44,928,923 mwaka 2012, na kwamba idadi hiyo iliongezeka kwa wastani wa asilimia 3.2 kwa mwaka. Msomaji anaweza kuzidisha 3.2 kwa miaka 10, akapata asilimia 32, kisha akashangaa kuona kwamba ongezeko halisi la watu 16,812,197 ni takriban asilimia 37.4. Je, taarifa ina kosa?

Haina. Asilimia 3.2 ya kila mwaka huhesabiwa juu ya idadi ya mwaka uliotangulia, ambayo tayari imeongezeka. Ongezeko linazaa ongezeko, na kwa miaka 10 hufika karibu asilimia 37. Mtu anayelijua hilo ataelewa pia kwa nini mkopo wenye riba ya kila mwezi hukua haraka kuliko alivyodhani alipotia saini. Asiyelijua anaweza kuikataa takwimu iliyo sahihi, au kuukubali mkataba utakaomuumiza.

Mwaka 2027

Wanafunzi walioanza Darasa la Tatu kwa mtaala ulioboreshwa mwaka 2024 wanatarajiwa kumaliza Darasa la Sita mwaka 2027. Mwaka huohuo, wanafunzi wa mfumo unaoisha watamaliza Darasa la Saba. Makundi mawili yatavuka kwenda hatua inayofuata kwa pamoja, Chumbageni kama ilivyo katika kata nyingine za Tanzania Bara, na kipimo cha mabadiliko haya kitaanza kuonekana.

Kipimo hicho kitasomwa katika matokeo ya mitihani, lakini hakitaishia hapo. Kitaonekana pia kwa kijana atakayeketi Kidato cha Kwanza mbele ya swali ambalo hajapata kuliona, akalisoma mara mbili, akachora, akajaribu, akagundua amekosea na akaanza upya bila kukata tamaa. Kijana huyo hujengwa darasani na mwalimu, na nyumbani na mzazi anayekumbuka kuuliza jibu limepatikanaje.